Mufti wa Mabegi

Stoo ya mizigo ya kituo kikuu cha mabasi ina dirisha moja, rafu kumi na mbili na mtu mmoja. Dirisha lina nondo, rafu zina vumbi, na mtu ana maoni. Ukimpa begi atalifunga kibandiko chenye namba, atakukatia kipande chako, kisha atakutazama kidevu. Asipoona ndevu atatafuta mtandio wa mkeo. Akishajiridhisha kwamba wewe ni Muislamu, au angalau umeoa Muislamu, atakuambia pa kwenda kula kabla hujajua kama una njaa.

Kazi hiyo hakuna aliyempa. Aliajiriwa kutunza mabegi, na kwa miaka kumi na tisa hajapoteza hata moja, ukitoa tenga la kuku ambalo lilijipoteza lenyewe. Lakini begi halina maswali, na yeye alizaliwa na majibu. Alisoma madrasa mpaka mwalimu akamwambia baba yake kwamba mtoto huyu amehitimu, kwa maana ya kwamba mwalimu amechoka. Madereva wakampachika jina, Mufti wa Mabegi. Walikuwa wanamtania. Yeye akaanza kuliitikia, na utani ukafia hapo.

Orodha yake ilianza na mkosi wa mtu mwingine. Abiria mmoja, baba wa watoto wanne, alirudi dirishani amejishika tumbo, na wala si tumbo lililokuwa likimuuma. Alikuwa ameingia mahali kwa sababu ameona mwezi na nyota vimechorwa ukutani. Kumbe ni tangazo la magodoro. Familia nzima imeshakula na kulamba vidole ndipo bwana akaisoma vizuri karatasi ya vyakula, akamkuta nguruwe amekaa mstari wa tatu, katikati ya mayai na chai, hana habari na mtu.

"Watoto nimewaambia ni ng'ombe," alinong'ona. "Mama yao sijamwambia kitu. Nina dhambi, Mufti?"

"Ya nguruwe au ya kumficha mkeo?"

"Ya nguruwe."

"Hiyo hukujua. Ile nyingine mtaongea kwenye basi."

Wiki hiyohiyo Mufti akanunua karatasi ya manila na kalamu nene, akaandika juu kabisa: PA KULA MUISLAMU MSAFIRI NA FAMILIA YAKE. Chini akapiga mistari. Nyama inatoka wapi. Nani anachinja. Kuna pombe au hakuna. Kuna pa kuswali. Mama na watoto wanakaa wapi. Saa yake ya mapumziko ya mchana akawa anaitumia kuzunguka majikoni, anafungua mafriji ya watu, ananusa sufuria, anauliza maswali ya kaburini kwa watu walio hai. Wapishi walimwogopa kuliko afisa wa afya. Afisa wa afya huja na gari, unamsikia. Mufti alikuja na kandambili.

Na aliandika anavyoona. "Hoteli ya ghorofani: nyama halali, mpishi halali, televisheni si halali. Hakuna pa kujisitiri." "Mgahawa wa kona: chakula safi. Vyoo, Mungu atusamehe." "Kwa Babu wa Mikate: kila kitu halali isipokuwa mdomo wa Babu. Usiende na mama mkwe." Madereva waliipiga picha ile karatasi kwa simu, wakaisambaza kwenye magrupu ya wasafiri, ikafika miji ambayo Mufti mwenyewe hajawahi kukanyaga. Watu walishuka kwenye basi la saa saba tayari wanajua wanakwenda wapi, wanapita dirishani kumpa salamu tu, kama mtu anavyopita kumsalimia mwenye mji.

Wengi walikuwa wanakwenda kwa Mama Pazia.

Huyu alikuwa shemeji yake kwa njia ya kazi. Marehemu mumewe alikaa na Mufti kwenye stoo ile miaka minane, wakigawana dirisha, redio na mafua. Mume alipofariki, mjane akafungua mgahawa mtaa wa pili nyuma ya kituo, katika nyumba ya vyumba viwili na ua. Vyumba akavigawa kwa mapazia mazito ya kijani, akapata vijumba sita. Mwanamke mwenye nikabu anaingia, anavuta pazia, anafunua uso na kula kama mja mwingine yeyote wa Mungu, si kama mtu anayekiiba chakula chake mwenyewe. Mwenye mtoto mchanga ananyonyesha. Bibi asiyepatana na viti anapewa mkeka. Palikuwa na sinki limefungwa chini, usawa wa goti, la watoto kunawia, na poti kwa wale ambao safari imewazidi. Palikuwa na mshale wa kibla uliopigwa rangi sakafuni. Na kuku alichinja yeye mwenyewe uani, kwa kisu ambacho hata wasichana wake wawili wa kazi hawakuruhusiwa kukigusa.

"Ningekuwa abiria," Mufti alikuwa akiwaambia watu, "ningekosa basi makusudi."

Miaka sita jina la Mama Pazia lilikaa juu ya orodha, na mgahawa ule ukaishi kwa mabasi. Wateja wa mtaani walikuwa wachache, mtaa ule kila mtu anapika kwake.

Kisha siku moja kinyozi wa mlango wa pili, ambaye mikono yake hunyoa nywele na mdomo wake hunyoa watu, alikuja kuegemea dirishani.

"Mufti, hivi yule shemeji yako anaswali?"

"Unaniuliza nini wewe?"

"Mimi sisemi kitu. Jana adhuhuri nilikuwa pale nachukua chakula. Wasichana wake wanapokezana mswala, yeye yuko kwenye kigoda anachagua mchele. Nikajisemea, labda keshaswali."

"Adhana ndiyo kwanza imelia, ataswali saa ngapi?"

"Ndiyo maana nikasema mimi sisemi kitu."

Sasa, kuna wanazuoni wanaosema kichinjo cha mtu aliyeacha swala hakiliwi, na wako wanaosema kinaliwa, naye anahesabiana na Mola wake. Mufti alizijua rai zote mbili. Siku zote alichagua iliyo ngumu, kwa sababu aliamini rai nyepesi haina heshima. Hata hivyo hakuwa mtu wa kuandika la kusikia. Alikuwa mtu wa haki, na balaa lote lilianzia kwenye haki hiyo. Angekuwa mzembe, angempuuza kinyozi na kunywa chai yake. Yeye akasema atakwenda kuona kwa macho yake, tena si mara moja, asije akamdhulumu mjane wa rafiki yake. Atakwenda siku tatu.

Jumatatu, adhana ya adhuhuri ikilia, alikuwa ameketi kwenye benchi la uani na kikombe cha chai. Msichana wa kwanza akatandika mswala, akaswali, akampisha wa pili. Mama Pazia alikuwa anakuna nazi. Akaendelea kukuna.

Jumanne alikuwa anafua vitambaa vya meza. Wasichana wakaswali. Yeye akaanika.

"Shemeji," alimwambia Mufti kwa mbali, kibanio cha nguo mdomoni, "siku mbili unakunywa chai kwangu. Kwako sukari imekwisha au mke amekuchoka?"

"Naangalia mazingira."

"Mazingira yangu hayajawahi kuangaliwa hivi tangu rafiki yako aende zake. Ongeza chai."

Jumatano wasichana walipokwisha kuswali, Mama Pazia alimshika kuku, akamlaza, akataja jina la Mwenyezi Mungu kwa sauti ambayo Mufti aliisikia vizuri kabisa, akachinja. Alipoinua kichwa alimkuta shemeji yake amemkazia macho, jicho moja kwake, jingine kwenye mswala uliokuwa wazi.

"Unatafuta nini, shemeji?" aliuliza. Safari hii hakuwa anatania.

"Hakuna kitu."

Akamtazama kidogo, kisha akavuta pazia la mlango wa uani. Lilikuwa pazia kama yale mengine, na Mufti alilitafsiri alivyotaka.

Alhamisi asubuhi alichukua rula. Alipiga mstari mmoja ulionyooka juu ya jina la Mama Pazia, na pembeni, kwa kuwa alijivunia kutoa sababu, akaandika: "Mchinjaji haswali. Imethibitishwa siku tatu."

Hakulala vizuri usiku ule, hilo tumpe. Lakini ziko dhamiri zinazomnyima mtu usingizi halafu asubuhi zikampongeza kwa kukesha. Yake ilikuwa ya aina hiyo.

Mama Pazia alikuja Jumamosi. Hakupiga kelele. Alipanga foleni nyuma ya mwanajeshi mmoja na masanduku yake mawili, zamu yake ikafika, akaisoma karatasi ukutani kuanzia juu mpaka chini kama abiria yeyote.

"Umeandika wewe hii, shemeji?"

"Nimeandika nilichokiona."

"Ukaona siku tatu."

"Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Sikutaka kukuhukumu kwa siku moja."

Mama Pazia aliangalia vidole vyake kama anayehesabu. Halafu kitu kikapita usoni kwake, kicheko kilichofika mlangoni kikageuka kurudi. Alivuta mtandio akajifunika mdomo. Nyuma yake palikuwa na watu saba, wanaume watupu, na kinyozi alikuwa ametoka nje na mkasi mkononi ili asikie vizuri.

"Jumatatu, Jumanne, Jumatano," alisema. "Basi umeona sawasawa." Akaondoka.

"Amekiri," kinyozi akasema.

"Amekiri," Mufti akasema, na akashangaa kwa nini neno lile lina uchungu mdomoni.

Picha ya orodha mpya ilisambaa kuliko zote zilizotangulia, maana watu husoma zaidi mahali palipokatwa. Wiki ya kwanza walikuja wasiokuwa na habari. Wiki ya pili wasiokuwa na simu. Wiki ya tatu mabasi ya saa saba yalishusha familia zao, familia zikapita mbele ya mlango wa Mama Pazia zikiutazama kama unavyotazama nyumba yenye ugonjwa, zikaenda kununua biskuti. Msichana mmoja wa kazi akaaga, wa pili naye akafuata.

Nyumbani kwake Mufti hakusema kitu. Alikuwa na kawaida ya kuacha mambo ya kazini kazini, labda ndiyo maana alikuwa na amani huko. Mkewe alikuja kulijua jambo lile baada ya wiki sita, mchana wa Ijumaa, akiwa anapiga pasi.

"Mdogo wangu anapita Jumapili na wakwe zake," mke alisema. "Nitawapeleka kwa Mama Pazia. Mama mkwe wake hali mbele za wanaume, utadhani wanataka kumnyang'anya."

"Pale hapamo tena kwenye orodha."

"Hapamo kwenye orodha au hapapo duniani?"

"Haswali, yule."

"Nani kakwambia?"

"Sikuambiwa. Nimekwenda nikaona. Siku tatu."

Mke aliisimamisha pasi wima. "Siku tatu zipi?"

"Jumatatu, Jumanne, Jumatano."

"Za wiki moja?"

"Sasa ulitaka niende Jumatatu, nikapumzike mwezi, nirudi tena Jumatatu? Ndiyo uchunguzi gani huo?"

Mke alikuwa na jibu la swali hilo, ila aliliweka kwanza.

"Baba watoto, umenioa miaka ishirini na minne. Una mabinti watatu, wakubwa wote. Humu ndani umewahi kuona siku mmoja wetu haswali?"

"Sijawahi," alisema Mufti, na kifua kikamjaa. "Nyumba yangu inaswali."

"Nyumba yako inaswali." Mke akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Adhana ikilia, kila mmoja wetu anachukua mswala wake, tunaingia chumba cha watoto, tunafunga mlango. Mwenye swala anaswali. Asiyekuwa nayo anakaa chini anakata kucha. Wote tunatoka pamoja, na miswala yetu begani. Miaka yote hii. Unafikiri tunamfanyia nani mchezo ule? Tunakufanyia wewe, usije ukauliza."

Mufti aligeuka kuutazama mlango wa chumba cha watoto.

Isije ikadhaniwa kwamba alikuwa mjinga. Mlango ule wa fiqhi, wa siku za wanawake, aliusoma, na alikuwa ameuhifadhi. Angeweza kukutajia siku chache kabisa na siku nyingi kabisa kwa mujibu wa kila madhehebu, na hukumu ya mwenye kutia shaka. Alilijua jambo lile kama mtu anavyoujua mji aliouona kwenye ramani. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna watu wanaishi humo, kwamba mmoja wao anaweza kuwa amekaa kwenye kigoda mbele yake anakuna nazi.

"Na kuchinja?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Anachinja. Nani amemkataza? Hilo unalijua kuliko mimi."

"Kwa nini hakuniambia? Alikuja dirishani. Nilimuuliza kwa uso wangu wote."

"Mbele ya foleni?"

Mufti aliinuka. Alivaa kandambili, moja ya kwake na nyingine ya binti yake wa kati, akatoka.

Kosa la kwanza lilimchukua siku tatu. Kosa la pili lilimchukua robo saa. Alibandua karatasi ya zamani, akaandika mpya, akaliweka jina la Mama Pazia juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko mwanzo, akalizungushia mstari. Alidhani ameondoa doa. Hakujua kwamba kitambaa kikipauka sana mahali pamoja, watu huuliza palikuwa na nini.

"Karudi?" kinyozi aliuliza, hata kabla gundi haijakauka.

"Nilikosea."

"Ulikosea nini?"

"Nilikosea tu."

"Siku tatu uliona, mwenyewe akakiri, mimi shahidi. Leo imekuwaje? Amekuanzia swala upya, au amekuanzia kitu kingine?"

"Chunga mdomo wako."

"Mimi sisemi kitu."

Na kwa kuwa hakusema kitu, mpaka jioni kituo kizima kilikuwa na habari. Wengine walisema Mufti amelainishwa. Wengine, waliokuwa na moyo mwema zaidi na kwa hiyo walidhuru zaidi, walisema si hivyo, mwacheni mzee, anataka kumsitiri mjane wa rafiki yake, mke wa pili si dhambi. Wakamtazama kwa huruma. Dereva mmoja akamuuliza lini.

Mufti alijaribu kila njia isiyopita kwenye ukweli. Alisema macho yake yana matatizo, hakuona vizuri siku zile. Matokeo yake watu wakaanza kukagua mabegi yao mara mbili kabla ya kuondoka dirishani. Alisema alipotoshwa. Wakamuuliza na nani, na kinyozi akapaliwa na chai. Alisema ni siri kati ya mja na Mola wake. Hapo wakacheka waziwazi, maana siri ya aina hiyo kila mtu anaijua ilivyo.

Ukweli ulikuwa na maneno sita tu, na hakuweza kuyasema. Kila sentensi aliyoitunga kichwani, hata aliyoivika Kiarabu, ilifika mahali ikalazimika kupita kwenye mwili wa yule mwanamke. Alikuwa amemvua ukutani mara moja bila kujua. Sasa njia pekee ya kumvika ilikuwa kumvua tena, akijua.

Baba wa familia anaweza kusamehe mchinjaji mwenye mashaka, akaagiza samaki. Lakini hawezi kumpeleka mkewe kwenye nyumba inayosemwa. Waliobaki wakaacha kwenda.

Wiki ya pili Mufti alikwenda na mkewe, maana sasa hata kupita mtaa ule peke yake kulikuwa habari. Walimkuta Mama Pazia uani anakunja mapazia. Alikuwa ameshayafua. Ndani vyumba viwili vilikuwa vyumba viwili tena, na vilionekana vidogo.

"Karibu, wifi," alimwambia mke wa Mufti. Kisha, "Karibu, shemeji. Leo sina chai."

"Shemeji, nilikosea."

"Hukukosea kuona. Uliona vizuri kuliko waume wengi. Marehemu tulikaa naye miaka kumi na moja, hakuwahi kunihesabia."

Wanawake wawili wakacheka. Mufti alisimama katikati ya kicheko kile kama mtu aliyeingia choo cha kike.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungeniuliza."

"Ningeuliza vipi jambo kama lile? Ni aibu."

"Kuniuliza ni aibu," Mama Pazia alisema, akilinganisha pindo za pazia, "kuniandika ukutani si aibu."

Mke wa Mufti aliacha kucheka.

"Ungemtuma huyu," Mama Pazia akaendelea, akimwonyesha wifi yake kwa kidevu. "Neno moja. Tungelimaliza jikoni, wewe hata usingejua limeanza. Lakini ulikuja mwenyewe, ukakaa kwenye benchi langu, unakunywa chai yangu, unanihesabia. Na mimi najua unahesabu nini. Siku ya tatu nilijua. Nikasema, huyu ni shemeji yangu, ana mke, ana mabinti, atakumbuka. Nikavuta pazia ili ukumbuke."

Mufti alitazama chini. Palikuwa na mshale wa kibla, umefifia kidogo kwa miguu ya watu.

"Nitaandika upya," alisema. "Nitaandika ulikuwa na udhuru wa kisharia. Ni neno la heshima."

"Andika. Halafu kila dereva atakaa na kalenda anatafuta udhuru wangu unaanguka wiki gani."

"Basi niandike nini?"

"Usiandike."

"Nataka urudi, shemeji. Watu bado wanauliza pako. Kila siku wanauliza."

"Nimepata kazi. Bweni la wasichana, upande wa pili wa mji. Watoto mia tatu, wana njaa, hakuna anayeniangalia ninafanya nini adhana ikilia. Wenzangu jikoni wote ni wanawake. Naanza Jumatatu." Akaweka pazia alilokunja juu ya mengine. "Kalifute jina langu. Si kukata. Uandike karatasi nyingine ambayo sikuwahi kuwemo."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu juzi. Ningekaa nayo ningeshindwa kufua haya yote." Alimtazama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikachoka. "Lakini usidhani msamaha ni gundi, shemeji. Mimi nilikuwa na mahali."

Mke wa Mufti alikaa akamsaidia kukunja yaliyobaki. Mufti aliambiwa asubiri nje, akasubiri nje.

Aliandika karatasi nyingine kama alivyoambiwa. Ina majina manane, haina la tisa. Safu ya "nani anachinja" ameibakisha. Maneno ya pembeni juu ya mwenendo wa wapishi ameyatoa, na wapishi wanasema siku hizi akija hapiti mlango wa jikoni, anapiga hodi na kuuliza, akijibiwa anashukuru. Wengine wanamdanganya kidogo, kwa kuwa imekuwa rahisi. Kinyozi amepata mambo mengine ya kutosema.

Mchana mmoja basi la saa saba lilishusha bwana mmoja na mkewe mwenye nikabu, watoto watatu, na bibi mwenye fimbo, mama wa yule bwana. Waliweka mabegi matano. Mufti akafunga vibandiko, akakata vipande, hakutazama kidevu cha mtu.

"Shehe," bwana alisema, "tumesikia huku kuna mahali pana mapazia. Akina mama wanakula kwa raha."

"Palikuwepo."

"Pakawaje?"

"Nilipafunga mimi."

"Oho, kumbe pako. Pole sana. Biashara ilikataa?"

"Hapana. Ilikuwa nzuri."

"Sasa ukafungia nini?"

Mufti alitafuta la kusema. Kwa miaka mingi hakuwahi kutafuta. "Sina la kukujibu, bwana," alisema. Akawaelekeza hoteli ya ghorofani, chakula halali, ngazi kumi na nne, shikeni mkono wa bibi.

Walirudi baada ya saa moja. Watoto walikuwa wameshiba, na baba yao alikuwa anachokoa meno. Bibi aliketi kwenye benchi la mbele ya stoo, akamwambia Mufti bila kuulizwa, "Mkwe wangu hakula. Meza zote katikati ya wanaume, na televisheni inapiga kelele."

Mkwe mwenyewe alikuwa amekaa mwisho wa benchi, ameelekea ukutani, ndizi mkononi. Aliinua kitambaa kwa kidole gumba, akauma kipande, akakishusha. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akainua tena.

Mufti aligeuka. Alisimama ameelekea rafu, mgongo dirishani, mikono nyuma, anatazama mabegi ya watu, mpaka basi lao lilipopiga honi. Abiria wawili waliokuja na mizigo wakati ule walidhani amefunga, wakaondoka.